Tuombapo, Tusilisahau Lango la Jaa

Kila muhula wa tatu unapowadia, shule nyingi humu nchini hutenga siku ya maombi. Watahiniwa huketishwa mbele, wazazi huja wamevaa nguo zao za Jumapili, wahubiri hualikwa, na kalamu zitakazotumiwa katika mtihani wa taifa huinuliwa juu ziombewe. Nimehudhuria siku nyingi za namna hiyo katika miaka yangu ya ualimu, na mara kadhaa nimepewa heshima ya kuongoza sala yenyewe. Sikusudii kuikejeli desturi hii. Mtoto anayekabili jambo linalomzidi kimo ana haki ya kumkabidhi Muumba wake hofu yake, na mzazi aliyeuza mbuzi wake wa mwisho ili alipe karo ana haki ya kulia mbele ya Mungu. Hata hivyo, lipo swali ambalo limenisumbua kwa muda mrefu, nami naomba ruhusa ya wasomaji, hasa walimu wenzangu na wanafunzi, nilitoe hadharani. Je, baada ya kuitikia amina, ni kitu gani kinachodaiwa kwa yule aliyeomba?

Swali hili sikulipata kitabuni. Nililipata Mwakirunge.

Kwa wale wasiopajua, Mwakirunge ni sehemu ya Kisauni, bara ya kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa. Barabara itokayo Bamburi hupitia huko ikielekea Kaloleni. Ni nchi ya minazi, miembe na mihogo, na wenyeji wake wengi ni Wamijikenda ambao wazee wao waliilima ardhi hiyo kabla mji haujawafikia. Lakini ukilitaja jina la Mwakirunge mjini leo, wengi hawakumbuki nazi wala embe, hukumbuka taka. Huko ndiko liliko jaa la mji. Tangu mwaka 2018, lilipofungwa jaa la Kibarani lililokuwa kando ya barabara ya kuingilia kisiwani, mzigo wa Mwakirunge umezidi kuwa mzito. Kibarani palipandwa miti, na wageni waingiao Mombasa hawana haja ya kuziba pua tena. Lakini taka hazikutoweka. Zilihamishiwa mbali na macho ya wenye haraka.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifundisha katika shule moja ya sekondari ya kutwa upande huo wa bara. Darasani mwangu mlikuwa na mvulana wa kidato cha pili, mpole, hodari wa hesabu, aliyependa kuketi karibu na dirisha. Mwanzoni mwa muhula wa pili dawati lake lilibaki tupu. Juma la kwanza nilidhani ni homa. Juma la pili nilitia alama ya kutohudhuria katika rejista, na siku ya Ijumaa, wakati wa gwaride la asubuhi, nikamtaja kwa jina katika sala. Nilimwomba Mungu amkumbuke mtoto wetu popote alipo, amwondolee kila kikwazo, amrejeshe kwetu akiwa salama. Wanafunzi wakaitikia amina kwa sauti moja. Nilifanya hivyo Ijumaa ile, na iliyofuata, na nyingine tena, hata muhula ukakaribia kwisha. Sala yangu ilikuwa fasaha. Wenzangu waliisifu.

Jumamosi moja nilikwenda Mwakirunge kuhudhuria mazishi ya jamaa wa rafiki yangu. Wakati wa kurudi, matatu tuliyoipanda iliharibika karibu na jaa, nasi abiria tukashuka na kuanza kutembea kwa miguu. Lori lilikuwa likimwaga shehena yake. Kabla halijamaliza, watu wapatao ishirini, wake kwa waume na watoto, walikuwa wamelizunguka wakiwa wameshika vyuma vilivyopindwa ncha, wakichokora kutafuta chupa za plastiki, mikebe, nyaya na vyuma chakavu, vitu ambavyo huuzwa kwa kilo. Moshi ulikuwa ukifuka kutoka chini ya taka kama kwamba ardhi yenyewe inaungua. Kunguru walikuwa wakigombania mabaki hatua chache kutoka miguuni mwa watu, wala hapakuwa na aliyewafukuza.

Mmoja wa watoto wale aliinua kichwa, akanitazama, kisha akaja mbio huku akijipangusa mikono kwenye kaptura yake. Alikuwa ni yeye.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

Akasimama kimya kidogo, halafu akaniuliza kwa adabu kamili, bila chembe ya kejeli, "Mwalimu, umekuja kutupa nini?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Kwa jinsi alivyouona ulimwengu, mtu wa mjini aliyevaa viatu vyeusi hana jambo la kumleta pale ila kuja kutupa kitu. Nilimjibu kwamba mimi nilikuwa napita tu. Nilipoyatamka maneno hayo nilimkumbuka yule kuhani wa katika mfano wa Msamaria Mwema, ambaye naye, kama ilivyosimuliwa, alikuwa akipita tu.

Nilimhoji, naye akanieleza. Mama yake ndiye aliyekuwa akichokora jaani ili kumlea yeye na wadogo zake wawili. Kipande cha bati kilimkata mguu, kidonda kikachimba, akawa hawezi kusimama kutwa nzima. Mwana akakishika chuma cha mamake. Isitoshe, malimbikizo ya karo yalikuwa yamefikia kiasi ambacho alijua kwamba hata akirudi shuleni atarudishwa nyumbani tangu langoni. Alinieleza haya yote kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Alipokwisha alitabasamu, akasema, "Wenzangu waliniambia mwaniombea kila Ijumaa. Asante sana, mwalimu."

Katika kazi hii ya ualimu nimewahi kutupiwa maneno makali na wanafunzi, na hata na wazazi wao. Hakuna tusi lililowahi kunichoma kama ilivyonichoma shukrani ile. Kutoka shuleni hadi nyumbani kwao ni mwendo usiotimia saa moja kwa miguu. Kwa karibu muhula mzima nilikuwa nikimtuma Mwenyezi Mungu mahali ambapo ningeweza kufika mimi mwenyewe.

Usiku ule nilipiga magoti kama ilivyo ada yangu, lakini maneno hayakuja. Sisi Wakristo tuna msamiati mpana wa kuvunjika: tunazungumza juu ya moyo uliopondeka, chombo kilichovunjika, kondoo aliyepotea. Aghalabu tunapoyatumia maneno hayo huwa tunamfikiria mtu mwingine. Mlevi, yatima, mfungwa, mgonjwa. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mwalimu mwenye sala fasaha anaweza kuwa yeye ndiye aliyebomoka. Nilikaa pale sakafuni kwa muda mrefu bila kutamka lolote. Leo naamini ya kwamba hiyo ndiyo sala ya kwanza ya kweli niliyomwombea mtoto yule.

Katika hali hiyo nilikifungua kitabu cha Nehemia, si kwa kuchagua, bali kwa kuwa ndicho tulichokuwa tukikisoma kanisani mwezi ule. Nilidhani nakijua. Nehemia, kama wanafunzi wa Elimu ya Dini ya Kikristo wajuavyo, alikuwa Myahudi aliyeishi ugenini katika ngome ya Shushani, mnyweshaji wa Mfalme Artashasta wa Uajemi. Takriban mwaka 445 K.K. aliletewa habari kwamba ukuta wa Yerusalemu umebomolewa na malango yake yameteketezwa kwa moto. Alipoyasikia hayo aliketi, akalia, akafunga, akaomba.

Usiku ule yalinijia mambo matatu ambayo nilikuwa nimeyaruka siku zote. La kwanza ni kwamba Nehemia hakuomba kama mtu aliye nje ya mabomoko. Alipoungama dhambi za watu wake, alijitia yeye mwenyewe na nyumba ya baba yake katika hesabu hiyo, ingawa yeye alikuwa akiishi katika jumba la kifalme, tena mbali na Yerusalemu. La pili ni kwamba sala yake ilidumu tangu mwezi wa Kisleu hadi mwezi wa Nisani, yaani muda wa miezi minne hivi, na ilipofikia mwisho haikuwa tena ombi kwamba Mungu aujenge ukuta. Ilikuwa imegeuka kuwa ombi kwamba yeye Nehemia apate kibali mbele ya mfalme ili akaujenge. Aliingia katika sala akiwa na habari za msiba, akatoka akiwa na kazi. Hiyo ndiyo maana ya mwito kama ninavyouelewa mimi. Si lazima iwe sauti kutoka mawinguni. Mara nyingi ni lile ombi lako mwenyewe linalokurudia, likikuuliza, "Na wewe je?"

La tatu lilikuwa katika sura ya tatu, sura ambayo wasomaji wengi huiruka kwa sababu imejaa majina. Humo zimeorodheshwa familia na makundi yaliyoujenga ukuta, kila moja na sehemu yake. Wapo makuhani, wapo mafundi wa dhahabu, yupo mmoja aliyejenga pamoja na binti zake, na wapo kadhaa ambao imeandikwa kwamba walijenga mbele ya nyumba zao wenyewe. Wapo pia wakuu wa Watekoa ambao hawakukubali kuinamisha shingo zao kufanya kazi. Na miongoni mwa majina hayo yupo Malkiya mwana wa Rekabu, mtawala wa wilaya ya Beth-hakeremu. Yeye alilijenga lango la jaa.

Nililisoma neno hilo mara tatu. Lango la jaa ndilo lililotumiwa kupitishia taka za mji. Kulikuwa na malango mengine yenye heshima zaidi, kama vile lango la kondoo, ambalo kuhani mkuu na ndugu zake walilijenga na kulitakasa. Lakini hili la uvundo halikuachiwa mtumwa wala mtoto wa maskini. Lilijengwa na mtu mwenye cheo, na jina lake likaandikwa.

Jumatatu iliyofuata nilitoka shuleni saa kumi alasiri, nikaenda nyumbani kwa yule mvulana. Nilikuwa na fedha kidogo mfukoni za kumpeleka mamake zahanati. Nilimkuta ameketi barazani, mguu umefungwa bendeji safi. Alinikaribisha, akanipa kigoda, akaniambia, "Mwenzio alikuja juma lililopita, akanipeleka kudungwa sindano. Amesema atarudi." Nikamuuliza ni mwenzangu yupi. Akanitajia mwalimu wetu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu, mtu mkimya ambaye Ijumaa zote zile alisimama nyuma ya gwaride wakati mimi nikiomba kwa sauti, wala hakuwahi kunieleza neno lolote juu ya safari yake.

Sitaki kulitia jambo hilo chumvi. Nalisimulia kwa kuwa lilitokea, na kwa kuwa Kisauni ndivyo ilivyo: tunaishi ukuta kwa ukuta, na mara nyingi jirani anayeijibu sala ya Mkristo ni Mwislamu aliyeinuka kutoka kwenye mswala. Nilipokutana naye kesho yake nilimshukuru, nikamwomba radhi bila kueleza sana ni kwa nini. Alicheka, akasema kwamba yeye amefanya mguu, basi mimi nifanye karo. Tukagawana kazi kama wale wa sura ya tatu, kila mmoja na sehemu yake. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu. Walimu wachache tukachanga. Malimbikizo yakapangiwa kulipwa kidogo kidogo. Mvulana alirudi darasani, akaketi karibu na dirisha lake.

Huenda mtu akasema kwamba Nehemia ni wa zamani na wa mbali, na kwamba kisa changu ni kidogo mno kuwa funzo. Ikiwa ndivyo, na tuitazame nchi hii yenyewe tunayoikanyaga. Katika bara hii hii ya Kisauni, upande wa Nyali, liko kaburi la Rosine Krapf. Yeye na mumewe, Johann Ludwig Krapf, waliingia Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa Julai mwaka huo huo Rosine alifariki kwa homa siku chache baada ya kujifungua, na mtoto wao mchanga akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa. Mtu wa namna hiyo angekuwa na kila sababu ya kupanda jahazi la kwanza na kurudi kwao. Badala yake aliwaandikia waliomtuma kwamba kaburi lile liwe ishara ya kuanza kazi, wala si ya kuiacha. Mwaka 1846 yeye na mwenzake Johannes Rebmann walianzisha kituo cha misheni huko Rabai. Walimu wa Kiswahili tunamdai shukrani pia, kwa maana kamusi yake kubwa ya lugha yetu ilichapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake.

Lakini mtu ninayemkumbuka zaidi si Krapf. Ni William Jones, ambaye vitabu vyetu vya historia humtaja kwa haraka, kama vinamtaja kabisa. Jones alikuwa Mwafrika aliyetekwa utumwani akiwa mtoto, akaokolewa baharini, akalelewa na wamisionari huko Nashik nchini India, na katika miaka ya 1860 akaletwa Rabai awe mwalimu. Baadaye, mwaka 1875, wamisionari walianzisha Frere Town hapa Kisauni, makao ya watumwa waliokombolewa, na kengele yao ndiyo iliyoupa mtaa wa Kengeleni jina lake. Habari za watu hao zilisimuliwa na James Mbotela katika Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichochapishwa mwaka 1934, ambacho walimu wa rika langu bado wanakikumbuka.

Mwaka 1885 Jones alifanywa shemasi na Askofu James Hannington, na mwaka huo huo wakafunga safari pamoja kuelekea Uganda. Walipofika Kwa Sundu, ambako leo twakuita Mumias, askofu alimwacha Jones na sehemu kubwa ya msafara, akaendelea mbele na watu wachache. Mnamo Oktoba 29, 1885, Hannington aliuawa huko Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga. Jones alisubiri, akapata habari, akawarudisha watu wake pwani. Walipoingia Rabai mapema mwaka 1886 walikuwa wamebeba bendera ya buluu iliyoandikwa kwa herufi nyeupe neno moja: Ikabodi. Wasomaji wa Biblia wanalijua. Ni jina alilopewa mtoto aliyezaliwa siku ambayo sanduku la agano lilitekwa, na maana yake ni kwamba utukufu umeondoka.

Naitafakari sana bendera hiyo. Jones hakuuficha msiba wake, wala hakuupamba kwa maneno ya ushindi. Aliwarudisha watu wake nyumbani chini ya neno la maombolezo, watu wote walione. Hiyo nayo ni sala. Wapo wahubiri wa siku hizi ambao wangemkemea kwa kukosa imani. Lakini tazama alilolifanya baadaye. Alirudi kwenye kituo chake cha Rabai, na watoro waliokimbia mashamba ya mabwana zao walipozidi kumiminika hapo kutafuta hifadhi, aliwapokea. Mabwana walighadhabika, na mwaka 1888 mambo yakakaribia kufika pabaya. Hatimaye George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki alikubali kuwalipa mabwana hao fidia, na mnamo Januari 1, 1889, watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa katika vituo vya misheni wakapewa hati za uhuru. Mtoto aliyekuwa mtumwa, mtu aliyeingia Rabai chini ya bendera ya Ikabodi, ndiye aliyewafungulia watoro mlango. Alijenga mbele ya nyumba yake. Pale alipovunjika ndipo alipoitiwa.

Rafiki yangu mmoja, mchungaji, aliponisikia nikiyasema haya alinionya, "Mwalimu, jihadhari usije ukaifanya sala kuwa ratiba ya kazi. Mtu anaweza kutenda mengi na asimjue Mungu." Namkubalia zaidi ya vile anavyodhani. Baada ya kisa kile nilishikwa na ari ya kuwaokoa watoto wote wa jaani kwa mara moja. Nilipita nyumba hadi nyumba, nikaandika barua, nikawalaumu walimu wenzangu kwa ubaridi wao. Haukupita muda nilikuwa nimechoka, nimekasirika, na nimewachukia wale niliodai kuwapigania. Nilikuwa nimeacha kuomba, kwa maana nilijiona nimekuwa jibu la sala zote. Ilinibidi nirudi magotini nijifunze kwamba Malkiya alijenga lango moja. Sala ndiyo inayomwonyesha mtu sehemu yake ya ukuta, na ndiyo inayomwonyesha kwamba ukuta wote si wake. Bila sala, mwito hugeuka majivuno. Bila mwito, sala hugeuka maneno ya kujiliwaza.

Tena kuna hatari iliyo kubwa kuliko hiyo, nasi watu wa pwani tumeiona kwa macho yetu. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti jirani ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu wazima na watoto waliokuwa wameaminishwa kwamba wakifunga hadi kufa watakutana na Yesu. Walikuwa watu waliovunjika kwa namna nyingi, waliokuwa wakitafuta faraja. Walifundishwa sala inayoikimbia dunia, shule na hospitali zake. Mwalimu hawezi kulitaja jambo hilo bila kutetemeka. Sala ya Kikristo, kama ninavyoielewa kwa Nehemia na kwa Bwana mwenyewe aliyeomba bustanini kabla ya kuinuka kwenda kukabili yaliyomngoja, haimwondoi mtu duniani. Humrudisha duniani akiwa ameinua uso. Ukiona sala inayokufundisha kumwacha mtoto afe njaa, au kulipuuza dawati lake tupu, ujue kwamba imepotea njia, hata kama machozi yake ni ya kweli.

Basi nina mawili ya kusema kabla sijaiweka kalamu chini. La kwanza ni kwa walimu wenzangu. Muhula wa tatu utakapowadia na siku ya maombi kupangwa, tuinue kalamu za watahiniwa kama ilivyo desturi. Lakini kabla ya kuomba, tuifungue rejista. Tuyasome majina ya wale waliokuwa nasi wakati fulani na leo hawapo: aliyepata mimba, aliyeshindwa na karo, aliyekwenda kuvua samaki na babake, aliye jaani. Tuwaombee hao kwanza. Kisha, kabla jua halijatua, kila mmoja wetu atoke na jina moja na aulize njia ya kufika nyumbani kwao. Hatuwezi kuwafikia wote. Lakini mzigo wa wengi huwa mwepesi, na ukuta wa Yerusalemu, uliokuwa magofu kwa miaka mingi, ulimalizika kwa siku 52 kwa sababu kila mtu alishika sehemu yake.

La pili ni kwa wanafunzi. Ninyi huomba mpite mtihani, na mnafanya vyema. Ongezeni swali moja katika ombi hilo: nikipita, nipite niende kwa nani? Wengi wenu mnadhani kwamba mwito ni wa mapadri na wachungaji. La, hasha. Muuguzi aliyemdunga mama yule sindano alikuwa ameitwa. Mhandisi atakayebuni njia bora ya kushughulikia taka za Mombasa ili mtoto yeyote asiishi juu yake ataitwa, na huenda sasa hivi yuko darasani, anahangaika na hesabu za kugawanya. Wala msidhani kwamba kuvunjika kwenu ni kizuizi. Aliyelala njaa hahitaji kuhadithiwa njaa ni nini, na ndiye anayejua ni wapi ukuta umebomoka.

Mtaniuliza habari za mvulana yule. Alimaliza kidato cha nne. Jina lake halikuandikwa magazetini wala hakubebwa juu juu na wazazi wakiimba. Alipata alama za kumwezesha kujiunga na chuo cha ufundi, akajifunza uchomeleaji. Siku hizi hutengeneza milango na mageti ya chuma. Nilipomtembelea katika karakana yake mwaka jana nilimkuta amevaa miwani meusi, cheche zikiruka, na nje pamesimama geti jipya likingoja kupakwa rangi. Alizima mashine, akajipangusa mikono kama zamani, akaniamkia. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, umekuja kuagiza nini?"

Jaa la Mwakirunge bado linafuka moshi, na asubuhi ya leo mtoto mwingine amekishika chuma cha mamake. Ijumaa ijayo, Mungu akipenda, nitaongoza sala tena. Rejista itakuwa mkononi mwangu, na nimekwisha kuuliza njia.